Dawa za Kichina za Farasi: Zipi Zinatibu, na Tunajuaje?

Farasi hawezi kutapika. Msuli unaofunga mlango wa tumbo lake una nguvu kiasi kwamba chakula kikishashuka hakirudi, na nyuma ya tumbo hilo, ambalo ni dogo kwa mnyama wa kilo 500, upo utumbo mwembamba wa takribani mita 20 ukifuatiwa na utumbo mpana ambao sehemu zake kubwa hazikushikizwa imara, hivyo zinaweza kuhama, kujipinda au kuziba. Ndiyo maana msokoto wa tumbo, ambao kwa mwanadamu mara nyingi ni usumbufu wa siku moja, kwa farasi ni miongoni mwa sababu kuu za kifo. Waganga wa farasi wa China walipambana na tatizo hili kwa karne nyingi kwa kutumia mizizi, maganda, magome na chumvi, na anayetaka kuielewa tiba yao afadhali aanzie tumboni.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama dawa hizi zinafanya kazi au hazifanyi. Likiulizwa hivyo halijibiki, kwa sababu linabeba mambo matatu yasiyofanana. Jambo la kwanza ni namna ya kumchunguza mnyama mgonjwa, ambayo ni elimu iliyokusanywa kwa macho na mikono. Jambo la pili ni mmea au chumvi yenyewe, ambayo ina kemikali zinazoweza kupimwa. Jambo la tatu ni nadharia ya joto na baridi, upungufu na uzidifu, inayomwambia mganga achanganye nini na nini. Moja kati ya hayo linaweza kuwa sahihi na jingine lisiwe, na mabishano mengi kuhusu tiba hii hutokana na watu kuyakubali yote kwa pamoja au kuyakataa yote kwa pamoja.

Nchini China farasi alikuwa suala la dola kabla hajawa suala la mkulima. Mfalme Wu wa enzi ya Han alituma majeshi hadi bonde la Fergana, katika Asia ya Kati, kati ya mwaka 104 na 101 kabla ya Kristo, shabaha yake ikiwa kupata farasi wa huko waliokuwa na sifa kuliko wa kwake. Na majani ya lusina, ambayo wafugaji wa leo huyathamini kama malisho bora, yaliingia China kwa njia hiyo hiyo. Katika karne ya 7 mazizi ya serikali ya enzi ya Tang yalihesabu farasi zaidi ya 700,000, na idara iliyoyasimamia ilikuwa na waganga wa wanyama walioajiriwa pamoja na wanafunzi waliofundishwa fani hiyo rasmi. Mpaka wa kaskazini ulilindwa dhidi ya watu waliozaliwa juu ya tandiko, kwa hiyo farasi aliyekufa kwa tumbo alikuwa pengo katika jeshi.

Maarifa hayo yaliandikwa. Kitabu kilichopata nguvu kuliko vingine vyote ni Yuan Heng Liao Ma Ji, kilichotolewa mwaka 1608 mwishoni mwa enzi ya Ming na ndugu wawili, Yu Benyuan na Yu Benheng, waganga wa farasi kutoka Lu'an katika mkoa unaoitwa leo Anhui. Ndani yake mna magonjwa makuu 72 ya farasi, na sehemu nzima imetengwa kueleza namna 36 za farasi mwenye maumivu ya tumbo kulala na kuinuka. Mtu aliyewahi kukesha na farasi wa namna hiyo ataelewa kwa nini ndugu hao walihesabu hivyo: mmoja hujitupa chini na kugaagaa, mwingine hulala taratibu kama mwenye kuogopa kujiumiza, mwingine hutazama ubavu wake na kupiga tumbo kwa mguu wa nyuma, mwingine hukaa kitako kama mbwa. Tofauti hizo zina maana hadi leo, kwani daktari wa mifugo wa sasa naye huuliza jinsi mnyama anavyolala kabla hajatoa kifaa chochote mkobani.

Uchunguzi wenyewe ulianzia mdomoni. Mganga aliinua mdomo wa farasi akatazama ufizi, ulimi na upande wa chini wa ulimi, akiangalia rangi, unyevu na joto. Rangi ya waridi hafifu, iliyolinganishwa na ua la pichi, ilikuwa dalili ya uzima. Weupe ulionyesha upungufu, wekundu ulionyesha joto, na rangi ya samawati au zambarau ilionyesha baridi kali au damu isiyotembea. Daktari wa leo hutazama ufizi ule ule, akaukandamiza kwa kidole na kuhesabu muda ambao rangi inachukua kurudi, ambao kwa farasi mzima haupiti sekunde mbili hivi. Weupe humfanya ahofu kwamba damu imepungua, na wekundu uliokolea au uzambarau humfanya ahofu kwamba sumu za bakteria zimevuja kutoka utumboni na kuingia katika damu. Maelezo ya sababu yamebadilika kabisa, ila ishara iliyoonwa ni ile ile, na katika eneo hili naamini waganga wa kale wanastahili heshima isiyo na masharti.

Kuhusu mapigo ya damu siwezi kusema hivyo. Kwa farasi yalipimwa kwenye mishipa mikubwa iliyo chini ya shingo, kulia na kushoto, na kwa ng'ombe yalipimwa mkiani. Kasi na nguvu ya mapigo ni habari muhimu: farasi mzima aliyetulia hupiga takribani mara 28 hadi 44 kwa dakika, na anayepita 60 huku akiwa na maumivu ya tumbo ni wa kumkimbilia. Hata hivyo mafundisho ya kale yalisema pia kwamba kila sehemu ya mshipa inayoguswa na kidole huwakilisha kiungo chake, hapa moyo, pale ini, pale figo, na dai hilo halina msingi wowote katika maumbile ya mnyama.

Chukua mfano wa farasi aliyefanya kazi akatoka jasho, kisha akanywa maji baridi mengi kwa mara moja. Tumbo linanguruma, masikio na pua vimepoa, anatetemeka, analala na kuinuka. Kwa nadharia ya Kichina huyu ameingiliwa na baridi tumboni, na dawa yake katika kitabu cha ndugu wa Lu'an ni unga uitwao Ju Pi San, yaani unga wa maganda ya chenza. Ndani yake mna maganda ya chenza mbichi na yaliyoiva, mdalasini, shamari, popoo, mizizi ya dang gui na bai zhi, pamoja na kiasi kidogo cha mzizi mkali uitwao xi xin. Vyote husagwa, vikachanganywa na maji ya moto, kitunguu cha majani, chumvi na siki, kisha farasi akanyweshwa. Msomaji wa Pwani atagundua kwamba nusu ya vitu hivyo anavijua kutoka jikoni au kutoka sahani ya tambuu, na hilo si la ajabu, kwani biashara ya viungo ya Bahari ya Hindi iliunganisha bandari hizi zote.

Mpangilio wa viungo hivyo si holela. Katika tiba ya Kichina kila dawa ya mchanganyiko hupangwa kwa daraja nne: kiungo mfalme kinachoshambulia tatizo kuu, waziri anayekisaidia, msaidizi anayepunguza ukali au kushughulikia dalili za pembeni, na mjumbe anayeaminiwa kuipeleka dawa mahali panapotakiwa. Urukususu, ambao wao huuita gan cao, huonekana katika michanganyiko mingi kwa kazi ya kupatanisha viungo vingine. Kila kiungo pia kimepewa tabia, kuanzia ya moto hadi ya baridi, na ladha tano ambazo kila moja ina kazi yake. Mfumo huu unamsaidia mwanafunzi kukumbuka mamia ya mimea, na kama njia ya kupanga kumbukumbu ni mzuri sana. Hauthibitishi, kwa nguvu zake wenyewe, kwamba mchanganyiko fulani unaponya.

Je, Ju Pi San inaponya? Mafuta yaliyomo katika shamari na maganda ya chenza yameonyeshwa maabara kulegeza misuli ya utumbo, kwa hiyo wazo lina mashiko. Ugumu ni kwamba msokoto wa aina hii, unaotokana na utumbo kukakamaa kwa muda, kwa farasi wengi huisha wenyewe ndani ya saa chache, hata asipopewa chochote. Mganga aliyenywesha farasi mia moja akaona wengi wao wamepona kabla ya jua kuzama alikuwa na haki ya kuridhika, ila hakuwa na njia ya kujua wangapi wangepona bila unga wake. Pasipo kundi la farasi wasiopewa dawa, wakilinganishwa na waliopewa, uzoefu wa miaka 400 hauwezi kujibu swali hilo. Daktari wa sasa kwa hali hii huchoma sindano ya butilskopolamini, ambayo nayo asili yake ni kemikali ya mimea, na tofauti yake na unga wa chenza ni kwamba kipimo chake kinajulikana, muda wake mwilini unajulikana, na imelinganishwa.

Mfano wa pili una ushahidi wenye nguvu zaidi. Utumbo mpana wa farasi ukiziba kwa malisho makavu, kinyesi kikakoma na tumbo likajaa, waganga walitumia dawa iitwayo Da Cheng Qi Tang, iliyobuniwa kwa ajili ya wanadamu yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Ina viungo vinne: mzizi wa da huang, chumvi ya mang xiao, gome la manolia liitwalo hou po, na matunda machanga ya jamii ya ndimu yaitwayo zhi shi. Mzizi wa da huang una kemikali za jamii ile ile inayoyapa majani ya sanamaki nguvu ya kuharisha. Kemikali hizo hupita hazijabadilika hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzivunja na kuziamsha, zikachochea ukuta wa utumbo kusukuma. Mang xiao ni salfeti ya sodiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya haluli, ambayo ni salfeti ya magnesiamu; zote mbili hubaki ndani ya utumbo na kuvuta maji yalainishe kilichokauka. Kipimo cha mang xiao kwa farasi ni gramu 200 hadi 500 katika maji mengi. Daktari wa mifugo wa Ulaya anayepitisha mpira puani mwa farasi mwenye utumbo ulioziba na kumimina maji yenye haluli anafanya, kwa kanuni, jambo lile lile. Hapa mmea, chumvi na uchunguzi vyote vimesimama, na nadharia ya joto lililokauka utumboni unaweza kuiacha pembeni bila dawa kupoteza nguvu yake.

Dawa hiyo hiyo inaweza kuua. Utumbo ukiwa umejipinda badala ya kuziba tu, au mshipa wa damu ukiwa umebanwa, kuchochea msukumo kunaongeza maumivu na kunakula saa ambazo farasi alipaswa kuwa njiani kuelekea kwa daktari wa upasuaji. Mganga wa mwaka 1608 hakuwa na upasuaji, hivyo hakuwa na cha kupoteza. Sisi tunacho. Ndiyo maana kipimo cha mkono kupitia njia ya haja kubwa na picha za mawimbi ya sauti lazima vitangulie, hata kwa daktari anayeiamini mitishamba kwa moyo wote. Hata unyweshaji una hatari yake: zamani dawa ilimiminwa mdomoni kwa pembe ya ng'ombe, kichwa cha farasi kikiwa kimeinuliwa, na ikipotea njia huingia mapafuni na kuleta homa ya mapafu.

Suala la vipimo linahitaji kutazamwa kwa uangalifu, kwa kuwa watetezi na wapinzani wote hulipita haraka. Mzizi wa huang qi, unaosifiwa kwa kuongeza nguvu, mtu mzima hupewa gramu 9 hadi 30 kwa siku kwa mujibu wa vitabu rasmi vya China, na farasi hupewa gramu 20 hadi 60. Farasi ni mzito mara saba au nane kuliko mtu, ilhali kipimo chake ni kama mara mbili tu. Kipimo cha dawa hakipandi sawasawa na uzito, kweli, lakini pengo hilo ni kubwa, na linaacha uwezekano kwamba kemikali inayofika katika damu ya farasi ni kidogo kuliko inayotakiwa kuleta matokeo yanayotajwa katika utafiti wa panya au wa wanadamu. Anayeuza unga wa huang qi kwa wapanda farasi huku akinukuu utafiti wa panya anaruka hatua hiyo nzima.

Zipo pia dawa za msimu, zinazonyweshwa farasi asiye mgonjwa: Yin Chen San ya jamii ya pakanga wakati wa machipuko, Xiao Huang San ya kupoza mwili wakati wa kiangazi, Li Fei San ya mapafu wakati wa vuli, na Hui Xiang San ya shamari wakati wa baridi. Ni desturi nzuri kwa maana kwamba ilimlazimu mwenye farasi kumkagua mnyama wake mara nne kwa mwaka. Kama kinga ya magonjwa, haina ushahidi wa kuitegemea.

Dawa iliyopata umaarufu mkubwa zaidi nje ya China ni Yunnan Baiyao, unga wa kuzuia damu uliobuniwa na Qu Huanzhang mkoani Yunnan mwaka 1902. Farasi wa mashindano wengi hutokwa damu mapafuni wanapokimbia kwa kasi kubwa, kwa sababu shinikizo katika mishipa myembamba ya mapafu hupanda hadi kuipasua, na wakufunzi wengi waliutumia unga huu kwa matumaini ya kuizuia. Watafiti wa Kansas State University waliwakimbiza farasi juu ya mashine, wakawapa mchanganyiko huo na mwingine wa Kichina, kisha wakapima damu iliyovuja. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2005 hawakuona upungufu wowote wa maana. Utafiti ulikuwa mdogo, na mtu anaweza kudai ufanywe mwingine mkubwa zaidi, ila mantiki ya mwili nayo inaelekea huko huko: dawa inayogandisha damu haigusi shinikizo linalopasua mshipa.

Kinachodhuru hakina utata mwingi. Mzizi wa fu zi una akonitini, sumu inayovuruga mdundo wa moyo, na hupunguzwa makali kwa kuloweka na kuchemsha kwa muda mrefu, kazi ambayo ikifanywa kwa haraka humwua anayeutumia. Xi xin, ule mzizi mkali uliomo katika Ju Pi San, ni wa jamii ya mimea yenye asidi ya aristolokia, ambayo huharibu figo na kusababisha saratani. Jambo hili lilidhihirika Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene vilivyochanganywa na mitishamba ya Kichina walipoharibikiwa figo. Ma huang ina efedrini, ambayo huharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu. Mimea hiyo yote imo katika vitabu vya kale, na ukale haukuizuia kuwa sumu.

Kwa farasi wa mashindano hatari ni ya namna nyingine. Maabara zinazopima mkojo na damu hazijali kama kemikali imetoka kiwandani au shambani. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2008, ambayo mashindano yake ya farasi yalifanyika Hong Kong, farasi wanne wa kuruka viunzi waligunduliwa kuwa na kemikali za ukali wa pilipili, zinazotumika katika dawa za kupaka, na Norway ikapoteza medali yake ya shaba ya timu. Efedrini ya ma huang imepigwa marufuku vilevile. Fu zi na kiini cha mbegu za yungiyungi vina higenamini, ambayo mwaka 2017 ilitajwa waziwazi katika orodha ya kimataifa ya dawa zilizokatazwa kwa wanamichezo wa kibinadamu. Mpanda farasi akinunua unga ulioandikwa "asilia kabisa" bila orodha kamili ya viungo, anajiweka mikononi mwa mtu asiyemjua.

Hatuwezi kuzungumzia jamii ya farasi na dawa za Kichina Afrika Mashariki bila kumtaja punda, ingawa yeye hatibiwi bali anageuzwa dawa. Ejiao, gundi inayotengenezwa kwa ngozi yake na kutumiwa na wanadamu kama dawa ya damu, ilikua kibiashara kiasi cha kuleta machinjio ya punda Kenya na Tanzania, na kwa wizi wa punda uliofuata familia nyingi zilipoteza mnyama aliyewachotea maji na kuwabebea kuni. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na ulichelewa.

Ndani ya China yenyewe tiba hii haikuachwa kwa wazee wa vijijini. Januari 1956 serikali iliagiza waganga wa wanyama wa kienyeji waendelezwe na washirikiane na madaktari waliosoma vyuoni, na kitabu rasmi cha dawa za mifugo kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1990 kilitenga juzuu zima kwa dawa za jadi, pamoja na vipimo vyake na njia za kuzikagua. Trekta na lori zilipochukua kazi ya farasi, utafiti ulihamia kwa kuku, nguruwe na ng'ombe. Na tangu mwaka 2020, China ilipopiga marufuku dawa za kukuzia mifugo katika chakula chao isipokuwa zile za mitishamba, makampuni yana sababu ya kifedha ya kutafuta mimea inayoweza kuziba pengo la antibayotiki. Farasi amebaki zaidi kwa matabibu wa Marekani na Ulaya, ambao wengi wao ni madaktari wa mifugo waliosomea tiba ya Kichina juu ya shahada zao, na ambao huitumia hasa kwa maradhi sugu kama vile maumivu ya viungo na kikohozi cha muda mrefu.

Kwa mwenye farasi anayefikiria dawa hizi, yapo maswali machache ambayo muuzaji au tabibu anapaswa kuyajibu kabla ya gramu moja kutumika: mimea iliyomo ni ipi kwa jina la kisayansi, kila mmoja kwa uzito gani; nani ameipima kuona kama ina risasi, zebaki au dawa za kiwandani zilizochanganywa kwa siri; farasi anatumia dawa gani nyingine ambayo inaweza kugongana nayo; na siku ngapi zinahitajika kabla ya mashindano. Anayeshindwa kujibu swali la kwanza hana haja ya kuulizwa yaliyobaki.

Na farasi akiwa anagaagaa chini, ufizi umekuwa wa zambarau na mapigo yamepita 60, wa kuitwa kwanza ni daktari wa mifugo. Da huang na mang xiao zina nafasi yake pale atakapokuwa amehakikisha kwamba utumbo umeziba tu na haukujipinda.